Kukusanya na Kuhifadhi Mbegu za Maua Pori ya Bustanini: Mwongozo Kamili

Ukitaka mbegu, kubali kwanza kuwa na bustani isiyopendeza kwa wiki kadhaa. Wengi wetu tumezoea kukata kila ua linaponyauka ili mmea uendelee kuchanua, na mmea unaokatwa hivyo huchanua kweli, ila haufiki kwenye mbegu. Anayetaka mbegu hufanya kinyume. Anaacha maua yasinyae, majani yageuke kahawia na vikonyo vikauke kama kuni ndogo, na anavumilia maswali ya wageni kwamba mbona hajasafisha. Nimeharibu mbegu kwa njia nyingi, lakini mbili zimeniharibia zaidi kuliko panya na wadudu wakiwekwa pamoja: kuchuma mapema, na kufungia unyevu ndani ya chombo. Karibu kila hatua hapa chini inazunguka mambo hayo mawili.

Weka alama maua yangali yamechanua

Mmea uliokauka haukuambii ulikuwa na ua la rangi gani. Kwa hiyo kazi huanza wakati bustani imependeza, si baadaye. Chukua vipande vya uzi, ufunge kwa kulegeza kwenye vikonyo vya mimea unayoitaka: uzi mwekundu kwa maua mekundu, mweupe kwa meupe, na kadhalika. Kama mmea una sifa nyingine, labda ulistahimili ukame au haukuanguka kwenye upepo, iandike daftarini siku hiyohiyo.

Usichague mmea mmoja tu uliokuvutia. Kwa maua pori, uzuri wa mbegu ni mchanganyiko wake: chukua kutoka mimea mingi, mirefu na mifupi, iliyowahi na iliyochelewa. Ukichukua kila mwaka kutoka kwa ile inayowahi pekee, baada ya vizazi vichache utakuwa na bustani inayochanua yote kwa mkupuo kisha inanyamaza.

Kuna mimea ambayo haitakurudishia ulichokiona. Mbegu chotara za kizazi cha kwanza, zile ambazo pakiti yake imeandikwa F1, hutoa watoto wasiofanana na mama. Watachanua, ila rangi na kimo vitatofautiana. Hata aina ya kawaida huweza kubadilika kama nyuki amepita kwenye ua la jirani: zinia nyekundu iliyopandwa karibu na ya njano itakupa mbegu zenye siri ndani. Mimi binafsi sioni ubaya, nusu ya raha ni kungoja kuona kitakachotoka. Kama wewe unataka rangi ileile, funika ua kabla halijafunguka kwa mfuko wa kitambaa chepesi kama chandarua. Kumbuka tu kwamba mimea mingi ya jamii ya alizeti inahitaji chavua ya mmea mwingine, kwa hiyo itabidi ufunike maua kwenye mimea miwili au zaidi, na wewe uwe nyuki: sugua ua moja kwenye la mmea wa pili kila asubuhi kwa siku kadhaa. Maua mengine hujichavusha yenyewe kabla hata ya kufunguka vizuri, kama *Lathyrus odoratus*, ua la jamii ya kunde lenye harufu nzuri, na hayo hayahitaji ulinzi mkubwa.

Kujua mbegu imekomaa

Rangi ndiyo dalili ya kwanza. Mbegu changa huwa nyeupe au kijani na hubonyea ukiikandamiza kwa ukucha. Iliyokomaa huwa nyeusi, kahawia au kijivu, na ukucha hauachi alama. Dalili ya pili ni kikonyo. Kikiwa bado kijani chini ya ua, mmea bado unapeleka chakula kwenye mbegu. Kata kikonyo siku hiyo na umekata chakula hicho: mbegu itakauka ikiwa nyembamba, na hata ikiota mche wake utakuwa dhaifu. Dalili ya tatu ni urahisi wa kuachia. Gusa kichwa cha ua kwa kidole. Kama mbegu zinaanguka zenyewe, wakati umefika. Kama unalazimika kuzing'oa, rudi baada ya siku tatu.

Chuma siku ya jua, katikati ya mchana, umande ukiwa umekauka kabisa. Baada ya mvua ngoja angalau siku mbili kavu. Mvua ikitishia na vichwa viko karibu kukomaa, kata vikonyo virefu na uvining'inize ndani kichwa chini, ndani ya mfuko wa karatasi, mahali penye hewa. Hii ni njia ya dharura, lakini huokoa mengi.

Vyombo vya kazi ni vya kawaida: mkasi, mifuko ya karatasi, penseli, na glavu kwa mimea yenye miiba. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Mbegu mbichi hutoa mvuke, na ndani ya plastiki mvuke huo hauna pa kwenda.

Namna ya kuchuma kulingana na ua lenyewe

Hapa ndipo watu hukosea wakidhani kila ua lina mbegu mahali pamoja.

Kundi kubwa la maua ya bustani ni jamii ya alizeti: zinia, kosmosi, marigoldi, Echinacea, Rudbeckia na alizeti zenyewe. Kile tunachokiita ua moja ni maua madogo mengi yaliyobanana, kila moja likiwa na mbegu yake. Ngoja kichwa chote kiwe kahawia, kikate, kisha kifungue juu ya karatasi nyeupe. Mbegu za marigoldi ni vijiti vyeusi vyenye kishungi cha rangi ya majani makavu upande mmoja, kama brashi ndogo. Za kosmosi ni nyembamba na zimepinda kidogo. Zinia huwachanganya wengi, kwa sababu mbegu za pembeni huwa zimeshikamana na petali iliyokauka, na za ndani ni bapa, umbo la kichwa cha mshale. Mbegu nyingi za zinia huwa tupu. Chukua moja, ibane katikati kwa ukucha: ikikunjika kama karatasi, haina kitu, ikikataa, ndiyo unayoitaka. Echinacea ina kichwa chenye miiba inayochoma kweli, kwa hiyo vaa glavu na ukivunje kwa kukisugua dhidi ya wavu mgumu.

Ndege hawangoji ruhusa. Alizeti na Echinacea zikianza kukomaa, funika vichwa vichache kwa kitambaa chepesi na uwaachie ndege vingine.

Mipopi, na maua kama Nigella, hujenga vitumba vinavyofanana na chupa ndogo ya pilipili manga. Kitumba cha mpopi kikiiva, vidirisha vidogo hufunguka chini ya mfuniko wake na upepo hunyunyiza mbegu moja moja. Usikiinamishe kabla ya kukivika mfuko. Vuta mfuko wa karatasi mpaka uzunguke kitumba, kunja kikonyo taratibu ili kichwa kiingie ndani, ndipo ukate. Kitumba kimoja hubeba mamia ya mbegu ndogo kama vumbi, kwa hiyo vitano vinakutosha kabisa. Fahamu kwamba katika baadhi ya nchi kilimo cha *Papaver somniferum*, mpopi wa kasumba, kina masharti ya kisheria.

Maua ya jamii ya kunde, kama lupini na marejea, huweka mbegu ndani ya maganda. Ganda la marejea likiiva hulia likitikiswa, na jina lake la kisayansi, Crotalaria, limetokana na neno la Kigiriki la kayamba la mkononi. Sauti hiyo ndiyo kengele yako. Lupini haina upole huo: siku ya joto ganda lake hujisokota ghafla, likapasuka na kurusha mbegu mbali. Unaweza kukaa karibu na kitalu mchana ukasikia milio midogo ya maganda yakipasuka. Chuma maganda yakishakuwa kahawia lakini kabla hayajafunguka, uyaweke kwenye boksi lililofunikwa kwa kitambaa, yapasukie humo. Impatiens si wa jamii ya kunde, ila ni mkali zaidi, kwani ganda lake hulipuka kwa kuguswa tu lingali na kijani. Lizungushie kiganja chote kwanza, ndipo ulibane. Au vika kila tawi kifuko cha chandarua au kipande cha soksi nyembamba na uende zako.

Mimea yenye sufi, kama Asclepias, ina dirisha fupi. Ganda likianza kuonyesha mstari wa mpasuko, na ukilibana kidogo likafunguka lenyewe, chukua siku hiyo. Ndani utakuta mbegu za kahawia zimepangwa kama magamba ya samaki, sufi ikiwa bado imelala. Shika sufi yote kwa nguvu upande wa ncha, kisha kwangua mbegu kwa kidole gumba kuelekea chini. Ukichelewa na sufi ikafunguka, tia kila kitu ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na sarafu chache, utikise kwa dakika mbili, utoboe kona ya chini: mbegu zitatoka, sufi itabaki. Fanya hivyo nje. Niliwahi kufanya ndani, na mwezi uliofuata bado nilikuwa naokota sufi kwenye mapazia. Utomvu mweupe wa mmea huu huwasha macho, kwa hiyo nawa mikono.

Salvia na ndugu zake hawana ganda. Angalia ndani ya kikombe kilichobaki baada ya petali kuanguka: chini kabisa kuna hadi mbegu nne, na hudondoka moja moja kadiri zinavyoiva, kutoka chini ya tawi kwenda juu. Hapa hakuna siku moja ya mavuno. Pita kila baada ya siku mbili, inamisha tawi juu ya bakuli, uligonge.

Kama unachuma porini badala ya bustanini kwako, omba ruhusa kwa mwenye ardhi, hakikisha mmea si wa aina inayolindwa, na usichukue zaidi ya asilimia 20 ya mbegu zilizokomaa siku hiyo. Ndicho kiwango ambacho wakusanyaji wa benki za mbegu hutumia ili mmea usikose kujirudishia.

Kukausha

Mbegu iliyochumwa kavu bado si kavu. Itandaze kwenye karatasi au sahani pana, tabaka moja tu, kivulini, mahali ambapo hewa inapita, kwa wiki moja hadi mbili. Igeuze kila siku. Usiiweke kwenye jua kali, wala ndani ya oveni, wala juu ya jiko, kwa sababu kiini chake ni hai, na joto linalopita nyuzi 35 hivi huanza kukidhuru. Weka jina kwenye kila sahani tangu mwanzo. Utajiambia kwamba utakumbuka. Hutakumbuka.

Utajuaje imekauka? Mbegu ndefu huvunjika kwa mlio ukiikunja. Nene hupasuka ukiigonga kwa nyundo badala ya kubonyea. Kwa mbegu kubwakubwa kuna kipimo cha chumvi ambacho wakulima wa nafaka wamekitumia kwa muda mrefu: tia mbegu chache na kijiko cha chumvi iliyokaushwa vizuri ndani ya chupa ya kioo iliyo kavu, utikise kwa dakika chache, uiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, bado kuna unyevu. Ikianguka yote chini, endelea. Mbegu za jaribio hilo zitupe.

Kupura na kupepeta

Anayejua kupepeta nafaka hana jipya la kujifunza hapa. Pura vichwa vikavu kwa kuvisugua kati ya viganja au kuvikandamiza kwa chupa. Chekecha kwa chekecheke lenye matundu makubwa ili vijiti vibaki juu, kisha kwa lenye matundu madogo ili vumbi lipite. Kinachobaki kitie kwenye ungo au sahani bapa, ukipepete mahali penye upepo mwepesi sana. Kwa mbegu ndogo kama za mpopi, upepo wa nje ni mwingi mno. Puliza kwa mdomo, kwa upole, ukiwa umeinamisha karatasi ili mbegu ziviringike na makapi yabaki.

Si lazima mbegu ziwe safi kama za dukani. Makapi machache hayaui kitu. Ila vipande vya majani mabichi na mabuu lazima vitoke. Kagua hasa mbegu za jamii ya kunde: tundu dogo la mviringo maana yake fukusi ameshatoka, na wenzake huenda bado wamo ndani ya zile zinazoonekana nzima. Dawa rahisi ni friza. Mbegu zikishakauka kabisa, zifunge kwenye chupa na uzigandishe kwa siku tano hadi saba. Zikiwa na unyevu, barafu itazipasua seli, kwa hiyo usiruke hatua ya kukausha.

Kuhifadhi

Mbegu kavu haijafa, inapumua polepole mno. Unachofanya ni kuipunguzia zaidi pumzi hiyo. Kanuni inayohusishwa na mtafiti James Harrington inasema kwamba kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, au joto la mahali pa kuhifadhia kwa nyuzi 5 za Selsiasi, umri wake huongezeka takriban maradufu. Piga hesabu: kutoka chumba chenye nyuzi 25 hadi friji yenye nyuzi 5 ni ngazi nne, yaani maradufu mara nne, sawa na mara 16. Ni kanuni ya makadirio, na ina mipaka yake, lakini inaeleza kwa nini Millennium Seed Bank huko Uingereza hukausha mbegu kwanza kisha kuzihifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.

Nyumbani, tia kila aina kwenye bahasha ya karatasi, kisha bahasha zote kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachokaza. Ndani weka vipakiti vya silika, vile vinavyokuja na viatu na vifaa vya umeme, ila vikaushe kwanza maana pengine vimeshanywa unyevu wa kutosha. Usipokuwa navyo, kausha mchele kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, uuache upoe kwenye chombo kilichofungwa, uufunge kwenye kitambaa na kuuweka chini ya chupa.

Chupa hiyo hukaa kwenye friji. Ikitoka humo, usiifungue papo hapo. Iache mezani mpaka ipate joto la chumba, vinginevyo mvuke wa hewani utatua juu ya mbegu baridi na kazi yako ya wiki mbili itaharibika kwa dakika moja. Huu ndio unyevu ulioniharibia chupa nzima ya zinia, na sikuwa na wa kumlaumu.

Kwenye bahasha andika kwa penseli, kwa sababu wino hufifia: jina, rangi, mwezi na mwaka wa kuchuma, na kitu chochote ulichokitia kwenye daftari. Mbegu zenye sumu, kama za mnanaha, Digitalis, mbarika na lupini chungu, ziandike wazi kuwa ni sumu na uziweke mbali na watoto.

Kila mmea una umri wake. Mbegu za Delphinium huchoka haraka, panda ndani ya mwaka. Kosmosi na zinia zikitunzwa vizuri huvuka miaka mitatu bila shida. Na kuna za ajabu: mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William Beal alizika chupa 20 za mbegu huko Michigan, Marekani, ili zifukuliwe kwa zamu. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021, baada ya miaka 141, bado ilikuwa na mbegu za Verbascum zilizoota.

Kupima kabla ya kupanda

Usipande kitalu kizima kwa imani. Hesabu mbegu 20, zipange kwenye karatasi ya tishu iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikunje, itie kwenye mfuko usiobana na uiweke mahali pa joto la wastani. Kagua kila siku mbili. Zikiota 15, una asilimia 75, na hiyo ni nzuri sana kwa mbegu za nyumbani. Zikiota 6, panda kwa wingi zaidi. Zisipoota kabisa, kata moja katikati kwa wembe kabla hujazitupa: ndani pakiwa peupe na pagumu, mbegu imelala, pakiwa peusi, pakavu au tupu, imekufa.

Mbegu iliyolala inahitaji kuamshwa kwa namna yake. Lupini na marejea zina ganda lisilopitisha maji, zisugue kidogo kwa msasa mpaka rangi ya ndani ianze kuonekana, kisha ziloweke usiku kucha. Zilizovimba asubuhi panda. Zisizovimba rudisha kwenye msasa. Asclepias nyingi na Echinacea zimetoka kwenye nchi za majira ya baridi na hungoja baridi ipite. Zichanganye na mchanga mbichi kidogo, uzifunge, uziweke kwenye friji wiki nne hadi sita. Mipopi haitaki kufukiwa, kwani mbegu zake huota zikipata mwanga. Ndiyo sababu huibuka kwa wingi pale ardhi inapochimbuliwa: mbegu zilizokuwa zimelala chini hufikishwa juu.

Kwa mbegu hizo za vumbi, changanya kijiko kimoja cha mbegu na vijiko kumi vya mchanga mkavu kabla ya kumwaga. Mchanga utakuonyesha ulikopita, na hutajikuta na miche mia mbili kwenye kiganja kimoja cha udongo. Kandamiza kwa ubao, mwagilia kwa manyunyu, usifunike.